Kompyuta Iliyomnyoosha Mwendo Bi Mwanapili

Ahmada Machano,
Mchora vibao mstaafu,
Nyumba yenye mlango wa buluu, nyuma ya msikiti,
Mji Mkongwe, Unguja.

Kwa Bi Saadiya Himid,
Sheha wa shehia yetu.

YAH: KUHAMISHWA KWA MKE WANGU BILA BARUA YA SHEHA

Mheshimiwa Sheha,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, na ile kesi ya maji machafu ya uani imekwisha kwa salama, kwani najua ilivyokuchosha.

Mimi si mtu wa kushitaki. Muda wote uliokuwa sheha wetu hujaniona ofisini kwako ila nilipofuata barua ya kitambulisho, na ile mara moja nilipokuja kuomba nikuchoree kibao kipya cha mlangoni, kwani kilichopo herufi zake zimelala upande kama watu waliokula pilau mchana. Ombi hilo bado lipo, lakini leo sikuandikii hilo. Leo nimefikwa.

Unajua kwamba mwaka jana mke wangu, Bi Mwanapili, alianguka ngazini akavunjika nyonga. Madaktari walifanya waliloweza. Tangu hapo anakaa ghorofani, kitandani penye dirisha, na mbele yake hakuna cha kutazama ila ule ukuta mweupe wa nyumba ya Bwana Wakil. Mimi nikawaza: ukuta mweupe ni karatasi tu, ila kubwa. Nikaamua kumchorea filamu ya katuni, yeye mwenyewe akitoka mlangoni kwetu, akenda sokoni Darajani na kikapu chake, akarudi. Tutairusha kwenye ukuta ule, atakaa dirishani ajione akitembea. Hakuna mtu aliyewahi kumpiga video. Sote tulikuwa tukitembea, na hakuna aliyeona kuwa kutembea ni jambo la kupigwa picha.

Kazi yenyewe inakwenda hivi, ili usije ukadanganywa. Unachora mtu katika karatasi, kisha unamchora tena katika karatasi nyengine mguu ukiwa mbele kidogo, na nyengine, na nyengine, mpaka vidole vife ganzi. Karatasi zote zinapitishwa katika skana, zinaingia kwenye kompyuta, na huko ndani zinapangwa moja juu ya moja zikae sawasawa, ili zikienda mbio mtu aonekane anatembea na nyumba ionekane imesimama. Hiyo kazi ya kupanga nilimpa Nadra, mtoto wa ndugu yangu Tahir, kwa kuwa ameisomea. Nadra ndiye mshitakiwa wa kwanza. Mshitakiwa wa pili ni kompyuta yake.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Sheria ya shehia tunaijua sote. Mtu hahamii wala hahami bila sheha kupata habari na kuandika barua. Mpangaji akichukua chumba cha uani, barua. Bibi harusi akihamia kwa mumewe, barua. Hata Bwana Wakil alipomleta shemeji yake kutoka Bwejuu kwa ajili ya matibabu, ulimuuliza barua iko wapi, na mgonjwa mwenyewe anatapika. Sasa basi. Wiki iliyopita nilikaa nyuma ya Nadra, nikamwona kwa macho yangu akimkamata Bi Mwanapili kwa kile kipanya cha kompyuta na kumburura kutoka ukuta wa huku mpaka ukuta wa kule. Nikamuuliza, kwa barua ya nani? Akanambia, "Ami, nnamsogeza kidogo tu, karatasi ilikaa upande." Kidogo! Bi Sheha, wewe umesuluhisha kesi ngapi za mipaka ya viwanja, na ni ipi ambayo mtu hakusema kasogeza kidogo tu? Na si yeye peke yake. Muuza kahawa, paka, mtoto anayeendesha ringi, wote wamesogezwa siku moja. Watu wazima na akili zao wamehamishwa, na hakuna hata muhuri mmoja uliogongwa.

2. Mara ya kwanza Nadra alipoziingiza karatasi zangu, Bi Mwanapili alitoka sokoni kinyumenyume. Alimrudishia muuza samaki yule changu aliyemnunua, na muuza samaki akamrudishia pesa zake. Paka alitema kichwa cha samaki, kikapanda chenyewe kikapuni. Kahawa iliruka kutoka kikombeni ikarudi ndani ya dele. Bwana Wakil, aliyekuja kutazama, alisema hajapata kuona muuza samaki anarudisha pesa, na akaomba kipande kile kirudiwe. Mimi nilikasirika. Nadra anadai kosa ni langu: kwamba rundo langu nimelibana kwa kulia, na ukurasa wangu wa kwanza uko pale ambapo yeye anauita wa mwisho. Nimelibana kwa kulia, ndiyo. Nimefungua juzuu kwa kulia tangu nilipopelekwa chuoni kusoma Kurani nikiwa mtoto, na mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alinichapa kwa mambo mengi lakini hakuwahi kunichapa kwa hilo. Ni mashine iliyokuja Unguja, si Unguja iliyokwenda kwa mashine. Iliyokuja ndiyo inayotakiwa iulize wenyeji wanafungua wapi.

3. Nadra aliniagiza kila karatasi niitie alama ya kujumlisha katika pembe zake nne, ili kompyuta izitazame alama zile na kujua karatasi imekaa vipi. Alama ya kujumlisha! Mtu aliyechora vibao vya maduka, vya vinyozi, vya washoni na vya zahanati, akae anachora kujumlisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikatia karafuu. Kila pembe karafuu moja na kikonyo chake, na kwa kuwa mimi si mpira wa muhuri, hapakuwa na mbili zilizofanana: hii imefumba, hii imefumbua, hii imeinama kama imeitwa jina. Kompyuta ilizitazama karafuu zote zile ikajibu kwamba haioni alama yoyote. Kisiwa cha karafuu, na mashine haioni karafuu! Nadra akazipanga karatasi moja moja kwa mkono, mdomo kaufumba, pua imevimba, na alipomaliza akazikata pembe zote nne katika kila picha, kazi yangu yote ikapotea. Nilipomuuliza, alinijibu, "Ami, pembe hazionekani kwenye filamu." Nyota za mbinguni nazo mchana hazionekani, lakini hakuna aliyezikata.

4. Ndani ya kompyuta kuna ufagio. Nadra akiubonyeza, kila kinachodhaniwa kuwa uchafu kinafutika. Uliwafuta kunguru wote niliowachora juu ya mapaa. Hilo silishitaki, wakubwa wamehangaika na kunguru hawa miaka na mikaka, na kama kuna ufagio wa kuwamaliza, nashauri uazimwe haraka. Lakini ufagio huohuo ulipita shavuni kwa Bi Mwanapili ukaondoka na baka lake dogo jeusi, ambalo mimi nimelitazama tangu siku ya mwanzo niliyomwona na sijapata kulidhania uchafu. Nilipolalamika, Nadra alilirudisha. Alilirudisha katika shavu la pili.

5. Hili sasa ndilo lililonifanya nitafute bahasha.

Bi Mwanapili ni mtu wa Jambiani. Kabla sijamuoa alikuwa akilima mwani na mama yake, na mtu aliyekulia kutembea katika maji ya magoti hatembei kama sisi tuliozaliwa juu ya mawe ya mji. Anainua mguu, anauacha upumue, anayumba kidogo upande, ndipo anakanyaga. Hivyo ndivyo anavyotembea mke wangu. Mimi nimekaa juu ya ngazi za watu nikichora vibao vyao, na akipita chini nilikuwa nikimtambua bila ya kugeuza shingo. Na hivyo ndivyo nilivyomchora, kwa imani na uaminifu, karatasi baada ya karatasi: anayumba kulia, anayumba kushoto, na ule mguu wa kushoto unachelewa nyuma kama haukubaliani na safari.

Kompyuta imemnyoosha. Baada ya Nadra kuzipanga karatasi, mke wangu anakwenda sokoni wima, kichwa kimetulia, kama aliyebeba ndoo ya maji ya jirani. Mguu tu ndio uliobaki ukichelewa, na huo nao Nadra alisema anaweza kuurekebisha nikitaka. Nikamwambia ole wake.

Alijitetea, na kwa kuwa mimi ni mtu wa haki nakuandikia utetezi wake. Alisema ule myumbo si wa Bi Mwanapili hata kidogo. Eti matundu niliyotoboa kwenye karatasi kwa msumari ni makubwa kuliko vijiti vinavyozishika, kwa hivyo kila karatasi ilicheza. Akaniuliza, "Ami, kama ni mwendo wake, mbona na nyumba inayumba pamoja naye?" Alidhani amenibana. Nikamjibu kwamba yeye anakaa Mbweni, kwenye nyumba za matofali ya juzi, hajui kitu. Nyumba za Mji Mkongwe zinatembea. Nani asiyejua? Kwa nini tunazitia magogo ubavuni? Kwa nini kila mwaka mlango wangu unagoma kufunga mahali ulipofunga mwaka uliopita? Nyumba inayosimama kimya katika picha ya mji huu ndiyo ya uongo. Nadra akaenda kunywa maji.

Bi Sheha, naomba ufikirie jambo hili litakapofika. Leo kompyuta imemnyoosha mke wangu. Kesho itanyoosha vichochoro. Vichochoro vikinyooka, mgeni hatapotea tena. Asipopotea hatoingia dukani kwa Bi Mize kuuliza njia, na asipouliza njia hatonunua kikoi ambacho hakukikusudia. Bi Mize asipouza vikoi atafunga duka, atahamia kwa mwanawe shamba, na kuhama kwake, bila shaka, kutataka barua yako. Watahama na wengine nyuma yake. Utakaa unaandika barua tangu asubuhi mpaka jioni, na ukimaliza kumwandikia mtu wa mwisho utabaki wewe, ofisi, na vichochoro vilivyonyooka, bila mtu wa kupita. Hapo utamkumbuka Ahmada Machano.

Na zaidi ya hayo yote kuna hofu yangu mimi. Daktari alimwambia Bi Mwanapili asahau habari ya sokoni. Yeye kalipokea, kasema alhamdulillahi, kaomba mto wa pili wa mgongoni. Mimi ndiye niliyeshindwa kulipokea. Mwendo wake haupo tena mahali popote duniani isipokuwa katika karatasi hizi. Ukinyooshwa huko nako, nitakwenda kuutazama wapi?

Kwa hivyo, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo:

(a) Bi Mwanapili wa kwenye karatasi aandikiwe barua ya ukaazi wa shehia hii, ijulikane kwamba anakaa pale nilipomweka mimi, na asiburuzwe, asisogezwe wala asinyooshwe na mtu yeyote bila ya kibali chako. Mashahidi wawili ninao. Picha za pasipoti ninazo nyingi mno, ingawa katika zote anatembea.

(b) Kwa kuwa kompyuta haitambui karafuu, naomba uje nyumbani na muhuri wako uugonge katika pembe nne za kila karatasi. Muhuri wa sheha naujua, haujabadilika tangu enzi za sheha aliyekutangulia, hata ule ufa wake uko palepale, kwa hivyo mashine haitakuwa na kisingizio. Karatasi si nyingi. Zinaenea katika makapu mawili. Chai itakuwepo, na mikate ya kumimina anapika jirani.

(c) Nadra aitwe ofisini pamoja na kompyuta yake, wote wawili waulizwe mbele ya wazee. Nadra aape kwanza. Kompyuta nayo iape, ingawa sijui mkono wake wa kulia ni upi.

(d) Nyumba yangu, katika filamu, iruhusiwe kuyumba kama inavyoyumba katika maisha yake ya kila siku, na ruhusa hiyo iandikwe, kwani wenye kutunza mji wanaweza kuja kuuliza.

(e) Baka lirudishwe katika shavu lake la haki. Hili linaweza kutangulia mengine, halihitaji kikao.

Sina chuki na Nadra. Ni mtoto mzuri, akiingia ananipa shikamoo yake kamili kabla hajavua viatu, na Bi Mwanapili anampenda mno, ndipo ninapozidi kuona uchungu. Lakini mapenzi ni kitu kimoja na kumburura mtu ukutani ni kitu chengine, na nina hakika ofisi yako inaujua mpaka baina ya mambo hayo mawili.

Nifikishie salamu zangu kwa Bwana na watoto, kwa karani wako, kwa wazee wa barazani, na kwa yule askari wa manispaa aliyetuondoshea taka mwezi uliopita, japo aliziweka kwa jirani. Bwana Wakil anakusalimu na anasema ukuta wake ameuazima kwa hiari, wala usimtoze kitu. Bi Mwanapili naye anakusalimu sana. Hajui kwamba nakuandikia.

Ndimi mkaazi wako mtiifu, ninayesubiri muhuri,

Ahmada Machano

Baada ya kutia saini:

Bi Sheha, barua ilikuwa imeshafungwa, nimeifungua tena. Jana baada ya magharibi Nadra alikuja na mashine ya kurushia picha, akairusha filamu ukutani kwa Bwana Wakil bila ya kuniuliza. Aliirusha mara mbili, kwanza ile yangu inayoyumba, kisha ile yake. Bi Mwanapili aliitazama yangu akacheka mpaka akaishika nyonga. Nilidhani anaumwa. Alipopata pumzi akasema, "Ahmada, huyu si mimi. Huyu wewe! Umevaa buibui langu unakwenda sokoni."

Nilibisha, bila shaka. Akanionesha kimoja kimoja kwa kidole. Mguu wa kushoto unaochelewa ni wangu. Mkono uliowekwa mgongoni ni wangu. Kule kusimama kila baraza kutoa salamu ni kwangu mimi, kwani yeye akenda sokoni hasimami, samaki wazuri wanakwisha. "Na hayo ya maji na mwani umeyatoa wapi?" akaniuliza. "Mi nkitoka majini nlikuwa nakimbia, jua linaunguza." Nadra alikuwa akiitazama dari.

Na ni kweli, Bi Sheha. Wakati wa kuchora nilikuwa nikijitanda kanga yake, nikitembea ukumbini mbele ya kioo cha kabati ili nione nguo inaangukaje. Natembea hatua, nachora hatua. Mtu aliyemhamisha Bi Mwanapili bila barua ya sheha ni mimi. Malalamiko yote nayafuta, la kwanza mpaka la mwisho, na muhuri usije nao.

Ile filamu ya Nadra Bi Mwanapili aliitazama mpaka mwisho. Akasema huyo amekaribia, lakini bado. Nikamuuliza basi alikuwa akitembea vipi. Niliona haya kuuliza, mtu niliyeishi naye umri wote huu. Aliinyoosha shuka mapajani mwake, akaweka vidole viwili juu yake, akavitembeza. Vilikwenda mbio, vimenyooka, vinagusa kidogo na kuinuka, kama mtu anayejua anakokwenda na amechelewa. Ule ndio mwendo wake. Nilikuwa nimeusahau wote, Bi Sheha, na sikuwa najua kwamba nimeusahau. Vidole vikafika ukingoni mwa kitanda, vikasimama. Nikaweka mkono wangu pale, vikaendelea.

A. M.